Kwangu Inafunguka

"Kwangu inafunguka."

Kama kuna maneno mawili niliyoyachukia wiki zile tatu, ni hayo. Safari hii aliyeyasema ni Msusi, jirani yangu mwenye saluni, ameegemea mlango wa duka langu, simu mkononi, kitana amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe. Akanigeuzia kioo nione. Kweli, blogu yangu hiyo, na picha ya kola niliyoikata kwa mkono wangu. Nikageukia kompyuta yangu iliyobanwa kati ya cherehani na rundo la vitambaa. Ukurasa mweupe, na katikati yake sentensi moja kavu: Huruhusiwi kuingia ukurasa huu.

"Blogu ni yangu," nikamwambia. "Nimeiandika mimi miaka minne, somo kwa somo. Nani wa kuniambia siruhusiwi?"

"Labda kuna mahali umebonyeza."

"Wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nasuka nywele." Akashusha sauti. "Shoga, mtaalamu yuko hapo juu yetu, ngazi kumi na nane tu. Unazunguka mji mzima kutafuta dawa na daktari analala juu ya kichwa chako."

"Sitaki kusikia."

"Basi usisikie, lakini macho unayo. Tangu asubuhi anashusha maboksi. Anahama leo."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Niliuweka mezani taratibu, nikajifanya natafuta chaki, maana Msusi si mtu wa kuachwa akusome uso.

Huyo mtaalamu jengo zima linamwita Nyaya, kwa sababu ya zile waya zinazoning'inia shingoni mwake kutwa nzima. Anatengeneza kompyuta ghorofa ya kwanza, mimi nashona chini. Ndiye aliyeniwekea programu ya blogu nilipotaka kuwafundisha wanawake wenye cherehani ndani lakini hawana wa kuwaelekeza. Akanifundisha kupandisha picha, akanifundisha plagini, vile viprogramu vidogo vya kuongezea, na katikati ya kufundishana huko mimi na yeye tukapendana. Miaka miwili. Akasema Jumapili saa nane mchana atakuja nyumbani na wazee wake kunichumbia. Mama akapanga viti kumi na viwili uani. Wajomba zangu wakavaa suti. Saa nane ikapita, saa kumi ikapita, na saa kumi na mbili Mama akaanza kuvikunja viti kimoja kimoja bila kumtazama mtu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta kwenye ngazi ananisubiri, macho mekundu. Nikamnyooshea kiganja. "Usiseme neno," nilimwambia. "Nikiisikia sauti yako nitakusamehe hata kabla sijajua kosa. Kama una la kusema, liandike."

Simu yake nilikuwa nimeshaifungia usiku uleule. Kwa hiyo nikasubiri karatasi chini ya mlango. Haikuja. Wiki tatu tukapishana kwenye ngazi zile, yeye anaangalia ukuta, mimi naangalia viatu.

Na asubuhi ileile ya Jumatatu, kana kwamba balaa zinaalikana, ndipo blogu ilipokataa.

Sikukaa mikono kifuani. Niliwasha na kuzima kompyuta. Nilichomoa ruta ya jengo mpaka mwenye duka la viatu akaja kugomba. Nilifuta historia, nikafuta vidakuzi, na nilipomaliza kufuta nikagundua nimefuta na maneno yangu yote ya siri. Niliweka kivinjari cha pili, nikaweka cha tatu. Nilipiga simu kwenye kampuni inayohifadhi blogu, dada mmoja mwenye sauti ya asali akaniambia: "Huku kwetu inafunguka, mpenzi mteja." Nilimwuliza Mama, ambaye ndiye msomaji wa maoni yote ya blogu tangu alipostaafu unesi. Kazi hiyo nilimpa mwenyewe, maana alikuwa anapekua makabati ya watu kwa kukosa shughuli. Ana paswedi yake, ana kishikwambi chake, na anayakagua maoni kama alivyokagua wageni mlangoni mwa wodi: wewe nani, umemfuata nani, ulichobeba nini. Mama naye akasema: "Kwangu inafunguka."

Nikafunga kompyuta, nikaikumbatia, nikapanda ngazi kumi na nane.

Mlango ulikuwa wazi. Rafu zote tupu. Kilichobaki ni meza, stuli mbili na ile harufu ya risasi ya kuchomelea niliyoizoea kuliko marashi. Nyaya alikuwa amepiga goti anafunga boksi kwa gundi ya karatasi. Shati alilovaa nilimshonea mimi. Kifungo cha pili kimelegea, na vidole vyangu viliwasha kukikaza.

"Kumbe njia ya huku bado unaijua," alisema bila kuinuka.

"Nimekuja kikazi."

"Kazi nimefunga."

"Gari halijafika. Mpaka lifike wewe bado ni fundi na mimi bado ni mteja."

Akainua macho. Lo! Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kutazamwa. Alikuwa amekonda, na mimi nilijua amekonda, nilikuwa nampima kila siku kwenye ngazi kwa jicho la fundi nguo, lakini kuangaliwa ana kwa ana ni jambo jingine. Nikaweka kompyuta mezani kwa kishindo kikubwa kuliko nilivyokusudia.

"Inasema siruhusiwi."

Akauona ule ukurasa mweupe. Kitu kikapita usoni mwake, kisha akakizima. "Inakuambia wewe hivyo?"

"Inamwambia nani mwingine? Mimi ndiye mwenyewe na mimi ndiye ninayefukuzwa!"

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile."

Hakuuliza Jumatatu ipi. Akavuta stuli. "Kabla haijakataa ulifanya nini?"

"Asubuhi kulikuwa na sasisho. Nikabonyeza."

"Ulichukua nakala kwanza?"

Nikatazama dirishani.

"Pindo," akasema. Ndilo jina aliloniita siku aliponikuta nimepiga magoti barabarani nakunja pindo la gauni la bibi harusi.

"Usiniite Pindo. Sikuchukua."

"Mara ngapi nimekuambia, kabla ya sasisho chukua nakala?"

"Na wewe mara ngapi uliniambia, Jumapili saa nane?"

Akainama kuchezea ncha ya waya, na mimi nikajuta na kufurahi kwa pamoja.

"Haya," alisema hatimaye, kwa sauti ya fundi. "Baada ya hapo ukafanya nini?"

Nikamworodheshea: ruta, vidakuzi, vivinjari vitatu, dada wa asali. Akafumba macho.

"Cherehani yako ikikata uzi, unabadilisha sindano, uzi na mguu kwa mpigo mmoja?"

"Mimi si mwendawazimu. Nikifanya hivyo nitajuaje kilichokuwa kibovu?"

"Basi na huku ni hivyohivyo. Na kabla ya kugusa chochote unauliza. Haifunguki kwa nani?"

"Kwangu."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna! Ndicho kinachonichoma! Kwa Msusi inafunguka, kwa Mama inafunguka, kwa kampuni inafunguka..."

"Msusi anatumia waifai ya jengo?"

"Hataki. Anasema itamwibia picha."

"Kwa hiyo wote wanaofungua wako nje ya waifai ya jengo." Akatoa simu yake, akawasha bando, akaiunganisha na kompyuta yangu. "Fungua sasa."

Nikabonyeza. Ikafunguka. Kola yangu, masomo yangu, kila kitu mahali pake, kama mtu aliyekuwa amelala tu.

Nilitaka kulia na nilitaka kuitupa kompyuta dirishani, sikujua nianze na lipi. "Wiki tatu!" nikasema. "Wiki tatu natukana sasisho lisilo na kosa!"

"Blogu haijaharibika. Jengo zima linatoka mtandaoni kwa namba moja, kama sanduku moja la barua. Kuna mtu ameifungia hiyo namba." Akasita. "Mimi nilidhani ni wewe."

"Ulidhani ni mimi nini?"

"Uliniambia niandike. Simu umenifungia. Ningeandika wapi? Nikaandika kwenye maoni, chini ya lile somo la zipu, mahali ambapo lazima utapita. Jumatatu asubuhi hiyohiyo. Mchana nikarudi kutazama kama umejibu, nikaambiwa siruhusiwi kuingia. Nikasema haya, jibu ndilo hilo, mtu mzima haambiwi mara mbili."

"Nyaya! Nijifungie mimi mwenyewe dukani kwangu, ili nikufungie wewe?"

"Nilijua una hasira. Nikajua ni nyingi."

Hapo nusura nicheke, na kucheka ndiko nilikokuogopa kuliko kulia. Yeye alikuwa ameshaingia, kwa paswedi yake ya tangu alipoiweka blogu, kwenye plagini ya ulinzi inayozuia wasumbufu. Ndani yake kulikuwa na orodha ya waliozuiwa, na orodha yenyewe ilikuwa na mstari mmoja tu. Namba ya jengo. Jumatatu ile, saa nne na dakika kumi asubuhi. Aliyezuia: Mama.

Tukatazamana. Nikafungua mahali maoni yanaposubiri ruhusa. Oni lake lilikuwapo, peke yake, na namba ileile imeandikwa chini ya jina lake.

Akaweka kiganja juu ya kioo. "Usisome. Limeshapoa."

"Ondoa mkono."

"Leo nahama, Pindo. Haina maana tena."

"Nyaya, nimesubiri maneno haya wiki tatu. Ondoa mkono."

Akauondoa, akaenda kusimama dirishani akanipa mgongo. Nikasoma.

Alikuwa ameandika: "Tulitoka watu sita. Njiani baba mdogo akauliza umri wako, nami sikutaka kudanganya. Akasema hawezi kwenda kumwombea mwanawe mwanamke aliyemzidi miaka sita. Akashuka garini, na wenzake wakashuka naye. Nikaja peke yangu. Nikafika getini, nikachungulia, nikaona vile viti. Nikajiona nimekaa kimoja na vitano vitupu pembeni yangu, na wajomba zako wananitazama. Sikuweza kukufanyia hivyo. Nimekaa nje ya geti lenu mpaka Mama alipoanza kuvikunja. Nisamehe. Au niambie nisingoje."

Nilisoma mara mbili. Mara ya pili herufi zilikuwa zimeanza kuogelea.

"Kwa nini hukuniambia mdomoni?" nikasema.

"Ulinikataza nisifungue mdomo."

"Na wewe mtiifu siku hiyohiyo tu! Miaka miwili hujanisikiliza hata nikikuambia kula, siku hiyo ndiyo umeota utii!"

Nje pikapu ikapiga honi. Hakutikisika. Nikachukua simu yangu, nikampigia Mama, nikaweka sauti ya nje.

"Mama, wewe ndiye uliyezuia namba ya jengo letu?"

"Namba gani ya jengo? Mimi nimemzuia huyo bwana," alijibu Mama bila kujiumauma. "Chini ya jina lake kuna namba, pembeni pameandikwa Zuia. Nikabonyeza."

"Namba hiyo tunatumia wote! Umenifungia na mimi!"

"Hilo sikulijua," akasema. "Hilo naomba radhi."

"Na alichoandika ulikisoma?"

"Si ndiyo kazi uliyonipa?"

"Mama! Ulijua sababu wiki tatu nzima, unaniona silali, ukanyamaza?"

"Nilijua. Na usidhani nimemkataa kwa huyo baba yake mdogo. Mimi mwenyewe nilimzidi baba yako mwaka na nusu, hakuna aliyekufa. Nimemkataa kwa kugeuka getini. Nimekaa wodini miaka thelathini na moja, mwanangu. Nimewaona wanaume wanaokuja na machungwa mkononi mpaka mlangoni, wakiona mipira na chupa za dripu wanageuka. Wake zao wananiuliza, sista, hajaja? Nami nawadanganya nasema yuko njiani. Huyu ameona viti vya plastiki akageuka. Akikuona kitandani je?"

Nyaya alikuwa amegeuka kutoka dirishani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi mahali palipokuwa panauma tayari.

Na mimi nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili walikuwa wamenikosea.

"Nisikilizeni nyote," nikasema. "Yeye aliona viti akaamua mimi nitaaibika. Wewe Mama ukasoma barua yangu ukaamua mimi nitaumia. Nani aliniuliza mimi? Ningeulizwa, ningetoka getini kwa miguu yangu nikamshika mkono, na hivyo viti vingine mngeweka vikapu!"

Honi ikalia tena. Kisha Nyaya akanisogelea, akaichukua simu mkononi mwangu, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Shikamoo, Mama."

Mama hakuitikia.

"Ni mimi, wa getini. Uliyosema ni kweli, sina la kujitetea. Nakuja sasa hivi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Viti nimeshavirudisha kwa wenyewe."

"Nitasimama."

Mama akakata simu. Nyaya akanirudishia, akachomeka shati vizuri, akajitoa zile waya shingoni na kuziweka juu ya boksi. Nilitaka kumwambia nakupenda. Nilitaka kumwambia nakwenda na wewe. Alinisoma kabla sijafungua mdomo.

"Niache niingie mwenyewe," alisema. "La sivyo haitahesabika." Akafika mlangoni, akageuka. "Na kabla hujaigusa hiyo orodha, chukua nakala."

"Toka!"

Akatoka. Nikamsikia akishuka mbiombio, nikamsikia akimwambia dereva asubiri, kisha sikumsikia tena.

Niliunganisha kompyuta na bando la simu yangu, nikachukua nakala. Niliichukua huku nalia, nikaihifadhi mahali pawili kama alivyonifundisha, ndipo nikarudi kwenye ule mstari mmoja na kubonyeza Ondoa. Nikashuka dukani, nikajiunga na waifai ya jengo, nikafungua. Ikafunguka bila kusitasita. Msusi akaja kuchungulia.

"Enhe, sasa hata kwako?"

"Hata kwangu."

"Na kule juu je?"

"Nenda kasuke nywele za watu."

Nikakaa niandike somo la kuunganisha mikono ya gauni, lile wasomaji walilolidai wiki tatu. Nikaandika: Kwanza, hakikisha. Nikafuta. Nikaandika tena. Saa ya ukutani ilijikokota. Nikakata kitambaa nikakikata upande mbaya, mimi, mwenye miaka kumi na tano mkasini. Dereva wa pikapu alikuwa amelala kwenye usukani, maboksi nyuma yake yamepangwa nusu. Nusu saa. Saa nzima. Kama Mama amemfukuza, mbona harudi? Kama hajamfukuza, mbona hawapigi? Nikafikiri labda amefika getini akageuka tena, na safari hii amenyoosha moja kwa moja.

Simu ikalia. Mama.

"Huyu mtu bado amesimama," alisema.

Nikasimama. "Aliingia?"

"Aliingia. Alifungua geti mwenyewe, akaniamkia, nikamwitikia, mimi si mshenzi. Nimemuuliza yote, mengine hata wewe sijawahi kukuuliza. Yote kajibu. Nimemtolea kiti cha mezani, nimekibeba mwenyewe na mgongo wangu huu, hataki kukaa."

"Kwa nini?"

"Anasema aliahidi kusimama. Jua linawaka, jasho linamchuruzika, jirani zangu wote wako ukutani wanatazama. Nikiingia ndani ananifuata kwa macho, nikirudi yuko palepale. Anasema atakaa ukimwambia wewe." Akashusha pumzi, ile pumzi yake ya mwisho wa zamu. "Hageuki, mwanangu. Nimemjaribu, hageuki. Sasa njoo umkalishe, maana ananichosha."

Nilizima cherehani, nikafunga duka, hata mkoba nikausahau. Nikagonga kioo cha pikapu. Dereva akaamka akipangusa mdomo, akaniuliza kama mwenye mzigo anarudi ama vipi, yeye anataka kuondoka.

"Yapandishe juu," nikamwambia. "Maboksi yote, yarudi yalikotoka."

"Nani kasema?"

"Mimi."